Sanduku la milango mitano ya fahamu: masikio oyee, pua hapana

Nimelipa shilingi 138,000, na nyingine 6,000 za mzigo kwenye basi kutoka Dar mpaka Tanga, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Ni sanduku la plaiwudi, ukubwa wa tranka dogo la mwanafunzi wa bweni, ubavuni limeandikwa Montessori kwa herufi kubwa. Ndani mna vifaa vya kufundishia milango mitano ya fahamu kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Duka silitaji. Muuzaji alikuwa muungwana, alipokea simu zangu zote, na kasoro nyingi nitakazozisema si zake, ni za aliyelibuni. Mimi nina chekechea ya watoto 19, chumba kimoja na baraza, na nimelitumia tangu Januari shule zilipofunguliwa mpaka likizo hii ya Juni.

Nianze na pua, maana ndiyo iliyonikera. Kuna chupa sita ndogo za harufu: stroberi, lavenda, chokoleti, vanila, ndimu na moja iliyoandikwa "bahari". Ya stroberi ilifunguka njiani, na nilipofungua sanduku kila kitu kilinukia stroberi, mpaka kadi. Lakini hata isingemwagika. Nilimpa mtoto wa kwanza anuse, akasema, "Jojo!" Wa pili, jojo. Wote kumi na tisa, jojo. Nami sikuwa na la kuwasahihisha, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona tunda lenyewe. Mimi mwenyewe nimelila mara moja tu, nilipokwenda Lushoto harusini. Lavenda ikawa sabuni. Hiyo "bahari" sasa, inanukia dawa ya kusafishia choo. Unawapelekea watoto wa Tanga bahari ya chupani! Mmoja wao, ambaye baba yake anavua, alinijibu kwa upole kama anayemwelekeza mgeni: "Ticha, bahari inanuka shombo."

Kesho yake nikaenda soko la Mgandini na elfu tano. Nikanunua iliki, zile za kule Amani, karafuu, mdalasini, tangawizi, kitunguu saumu, dagaa wakavu, na machungwa mawili ya Muheza ambayo nyama yake niliila mimi na maganda nikawaachia wao. Kila kimoja nikakitia kwenye kikopo cha mtindi, juu nikafunga kipande cha chandarua kwa mpira. Siku hiyo darasa lilikuwa jingine. Walikuwa na la kusema: hii ya chai, hii ya pilau, hii ya bibi akiwa na mafua. Kisha tukavigawa vikopo mafungu mawili, vinavyonukia na vinavyonuka, maana Kiswahili kimeshatufanyia kazi hiyo kwa silabi moja. Ugomvi ulizuka kwenye kitunguu saumu, ukakolea kwenye dagaa. Mtoto wa mvuvi aliwaweka dagaa upande wa vinavyonukia. Sikumhamisha.

Kuna jambo ambalo aliyetafsiri kadi za sanduku hili hakuliwaza. Kadi zinasema "Ninanusa kwa pua", "Ninahisi kwa ngozi". Sawa. Lakini mtoto wa kwetu hasemi nahisi baridi. Anasema nasikia baridi, nasikia harufu, nasikia njaa, nasikia maumivu. Nilipouliza, "Ukisikia harufu, unasikia kwa kiungo gani?" darasa zima lilishika masikio. Hawakukosea, wameijibu lugha yao. Wiki nzima ilinipotea hapo, mpaka nikaugeuza kuwa mchezo. Nikisema "Nasikia ngoma", wanashika masikio. "Nasikia harufu ya maandazi", pua. "Nasikia baridi", wanajikumbatia. Siku moja nikateleza nikasema "Nasikia njaa", wote wakashika matumbo, na binti mmoja wa miaka minne akauliza huo sasa ni mlango wa ngapi. Nikawaambia uji uko tayari.

Sasa sifa, maana zipo. Mikebe ya sauti ni kazi ya mtu anayejua. Ni mikebe 12 ya mbao, jozi sita. Sita ina vifuniko vyekundu, sita vya bluu. Kwa macho yote ni ile ile, tofauti iko tumboni. Mtoto anatikisa sikioni, anatafuta mwenzake upande wa pili, akishapata jozi zote anazipanga kuanzia yenye kelele mpaka inayonong'ona. Hapa neno Montessori lina haki ya kuandikwa: Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, alitaka kifaa kibebe tofauti moja tu na mengine yote yafanane, ili mtoto asipate pa kukimbilia. Jozi mbili za mwisho hata mimi zinanishinda masika yakipiga kwenye bati. Seremala wa jirani aliigeuza-geuza mikebe akasema angenitengenezea kwa elfu arobaini. Namwamini kwa kazi, kwa tarehe simwamini, ningeipata Idi ya mwakani. Asiye na hela achukue viberiti vitupu, atie mchele, mchanga, kunde, chumvi, afunge kwa selotepu. Vinafaa, ila havidumu.

Kanuni hiyo hiyo imevunjwa kwenye vibao vya kugusa, na ndiyo maana nasema aliyebuni mikebe si aliyebuni vibao. Kuna msasa mkali, msasa laini, zulia, manyoya, hariri na mpira, viwili viwili. Vizuri kabisa, ila kila jozi imepakwa rangi yake! Mtoto hagusi chochote. Anaona njano na njano, anaziweka pamoja, anakuangalia asifiwe. Dawa waliyoitoa ni vitambaa vya kufunga macho. Watoto wawili wa miaka mitatu walilia nilipowafunga, nami sikulazimisha. Sasa natumia foronya. Ndani natia dodoki, kifuu, gunzi la mahindi, pamba, kijiko na komwe za bao; mkono foronyani, macho kwa ticha. Komwe nazihesabu kabla na nazihesabu baada. Nimewahi kukimbia zahanati na mtoto mwenye punje ya kunde puani, imeshaanza kuvimba, na siku kama hiyo siitaki tena.

Vibao vya rangi havina neno. Rangi haibanduki hata ikilambwa, nao wanalamba. Nilichoongeza ni kuwaonyesha vitu vyenye majina hayo: manjano ya jikoni, jivu kwa kijivu, jani kwa kijani. Zambarau tunasubiri msimu wake.

Ulimi una bango, na bango nimelikunja. Limechora ulimi uliogawanywa kama ramani ya mikoa, utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni. Ndiyo niliyofundishwa na mimi shuleni, na si kweli. Ladha zote huonjwa sehemu zote za ulimi zenye vionjo, yaani vile viungo vidogo vya kuonjea. Weka sukari kidogo pembeni ya ulimi ujionee. Isitoshe ladha zao ni nne tu, na nilipowapa kipande cha ndizi ambayo haijaiva, watoto waliangalia picha zote nne wakazikataa. "Ina ukakasi, ticha." Wataalamu wabishane kama huo ni ladha au ni mguso, mimi nimechora kadi ya tano yenye mtoto aliyekunja uso. Kilichowafurahisha zaidi hakihitaji sanduku: bana pua, fumba macho, tafuna kipande cha papai au cha embe, useme ni kipi. Pua ikiachiwa ndipo wanapiga kelele. Waulize wazazi kwanza nani ana mzio, hasa wa karanga.

Kwa watoto 19 sanduku moja ni foleni tu. Nawagawa makundi manne, kundi moja na sanduku, mengine na vikopo, foronya na viberiti, na asubuhi nyingi hayo mengine ndiyo yanayogombewa. Ningekuwa nanunua leo, ningemwomba muuzaji aniuzie mikebe ya sauti na vibao vya rangi peke yake. Nilimpigia kumuuliza kama inawezekana, akasema sanduku halifunguliwi. Kwa 138,000, basi, nisingerudia.

Chupa za harufu ziko kabatini, juu kabisa. Kila nikifungua kabati kutoa chaki, kuna sauti inatoka nyuma: "Jojo!"