Kivinjari cha Firefox kwenye Linux: ya Debian au ile snap ya Ubuntu?

Debian stable (toleo tulivu la Debian) inakupa firefox-esr, yaani ESR, ile Firefox inayotunzwa kwa muda mrefu, vasheni kubwa inabadilika kama mara moja kwa mwaka hivi na hapo katikati ni viraka vya usalama tu karibu kila wiki nne. Unapiga apt upgrade (komandi ya kuapdeti) ukitaka mwenyewe, basi. Ila huko nyuma kuna kazi watu hawaioni: ESR ya zamani ikiisha muda wake mtunza pakeji hawezi kuishonashona milele, anaingiza ESR mpya humohumo ndani ya stable, na hiyo mpya mara nyingi inadai kompaila (kigeuza kodi kuwa programu) mpya ya lugha ya Rust ambayo stable haina, sasa inabidi Rust mpya iingizwe kwanza kando ndo wabilidi upya kwa kila aina ya prosesa. Ni kazi ya punda hiyo.

Ubuntu wao toka 22.04 walimaliza ubishi, snap tu, yaani pakeji inayobeba vitu vyake na kujiapdeti yenyewe, inatoka kwa Mozilla wenyewe, vasheni mpya inakufikia haraka. Inacheki apdeti yenyewe mara nne kwa siku, kama bando lako la kupimapima utalia, ingawa komandi ya snap refresh --hold ipo ya kusimamisha apdeti. Na ukipiga apt install firefox usidhani umepata deb (pakeji ya kawaida ya apt), inakuletea snap ileile.

Mi mashine yangu ya kazi nabaki na Debian. Laptopu ya mtu asiyejua komandi hata moja namwachia snap, mana huyo apdeti hatagusa ng'o.