OpenWrt na IPv6: tathmini baada ya miezi minane katika shule moja ya Tororo

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiendesha OpenWrt, programu huria ya ruta iliyojengwa juu ya Linux, kwenye ruta ya shule ya sekondari ninayoihudumia hapa Tororo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mafundi wenzangu wa mitandao nchini Uganda ambao bado wanajiuliza kama IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaoirithi IPv4, inastahili jasho lao. Kwa maoni yangu inastahili. Kati ya programu huria nilizozijaribu kwa kazi hii, OpenWrt ndiyo niliyoona imeishughulikia IPv6 kama sehemu ya msingi wa mtandao, wala si kiraka kilichoshonewa baadaye.

Kilichonisukuma ni adha ya kila siku. Shule ilikuwa ikitoka nje kupitia anwani moja ya IPv4 ambayo mtoa huduma wetu huigawa kwa wateja wengi kwa wakati mmoja. Walimu walipoketi kuingiza alama, mara kwa mara tovuti waliyokuwa wakiitumia iliwafungia nje, kwa sababu majaribio ya watu wasiowafahamu kabisa yalihesabiwa kuwa yao. Uhaba wenyewe hauna siri: anwani za IPv4 zina biti 32, yaani jumla yake ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Ghala kuu la IANA, taasisi inayosimamia anwani za dunia nzima, liliisha Februari 2011, na AFRINIC, taasisi inayogawa anwani barani Afrika, tangu Januari 2020 haitoi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. IPv6 ina biti 128. Mtoa huduma alipokubali kutupatia kiambishi cha /56 (fungu la anwani ambazo biti 56 za mwanzo ni zilezile), ambacho ndani yake mna mitandao 256 ya /64, kisanduku chake cha ruta alichotuachia kilitumia mtandao mmoja tu na kuiacha mingine 255 imelala.

Niliamua kununua ruta ya TP-Link Archer C7 iliyokwisha kutumika, yenye megabaiti 16 za hifadhi na megabaiti 128 za kumbukumbu, nikaiwekea OpenWrt 24.10. Ninawasihi wenzangu wazikague namba hizi mbili kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa ruta za zamani zenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu, ambazo bado zimejaa kwenye meza za vifaa vikuukuu, hazitegemezwi tena na matoleo mapya. Usakinishaji haukuchukua hata saa moja. Jambo pekee la kuogopa ni umeme kukatika wakati programu mpya inaandikwa, kwa hiyo iunganishe ruta na betri kwanza. Hata ajali hiyo ikitokea, modeli hii hufufuliwa kwa njia ya TFTP, yaani kwa kutumiwa faili kupitia waya wa mtandao, bila kulifungua kasha lake.

Baada ya ruta kuwaka, sikulazimika kuwasha IPv6 mahali popote. Programu ndogo iitwayo odhcp6c iliomba kiambishi kutoka kwa mtoa huduma, netifd ikakigawa, na odhcpd ikaanza kuvitangazia vifaa vya ndani. Niliunda mitandao mitatu, yaani ofisi, maabara na wageni, na kila mmoja ukapata /64 yake bila mimi kuandika anwani hata moja kwa mkono. Odhcpd hutangaza kiambishi kwa SLAAC, njia ambayo kifaa hujitengenezea anwani, na vilevile hutoa anwani kwa DHCPv6, ambapo ruta ndiyo inayozigawa, na hilo lina maana kubwa kwetu, kwa kuwa simu za Android hazipokei anwani kwa DHCPv6 bali hujitengenezea zenyewe. Kisanduku cha awali kilipowekwa kwenye DHCPv6, simu zote za walimu zilibaki na IPv4 peke yake, na nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa kwenye simu.

Utulivu huu haukuja kwa bahati. Msimbo wa kwanza wa IPv6 uliingia katika kiini cha Linux mwaka 1996, lakini miaka mingi ya kuunyoosha ilifuata. Mradi wa USAGI wa Japani ulifanya kazi kubwa upande wa Linux, kama mradi mwenzake wa KAME ulivyofanya kwa mifumo ya BSD kati ya 1998 na 2006. OpenWrt yenyewe ilianza mwaka 2004, na ni katika toleo la 14.07 la mwaka 2014 ndipo IPv6 ilipokuwa sehemu yake ya asili. Fundi anayeona kila kitu kinajipanga chenyewe ndani ya dakika mbili anavuna kazi ya miongo miwili ya watu walioandika msimbo huo na kuutoa bure.

Jambo lililonifanya niiheshimu programu hii zaidi ni tabia yake umeme unapokatika. Maabara yetu inatumia betri za sola, lakini ruta ilikuwa katika ofisi ya mhasibu, kwenye umeme wa kawaida. Umeme ulipokatika na kurudi, mtoa huduma alitupatia kiambishi kipya, na ruta iliyozimika ghafla haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kile cha zamani, kwa hiyo haikuweza kuviambia vifaa viache kukitumia. Kompyuta za maabara hazikuzimika, wala swichi yao haikuzimika, hivyo hazikupata dalili yoyote kwamba kitu kimebadilika. Zikabaki na anwani mbili, moja hai na moja iliyokufa, na kila zilipochagua ile iliyokufa, ukurasa ulizunguka tu bila kufunguka huku wanafunzi wakinitazama.

Kisanduku cha zamani kilikuwa kikitangaza muda wa kupendelewa (ambao kifaa huendelea kuichagua anwani) wa siku 7 na muda wa uhalali (ambao baada yake anwani hutupwa) wa siku 30, ambao ndio muda wa kawaida uliomo katika kanuni za awali za itifaki, kwa hiyo anwani mfu ingeweza kutusumbua wiki nzima kama sikupita kompyuta moja baada ya nyingine. OpenWrt ya sasa huweka ukomo wa dakika 45 kwa muda wa kwanza na dakika 90 kwa wa pili, sawasawa na inavyopendekezwa katika RFC 9096, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2021. Nami niliupunguza ule wa kupendelewa hadi dakika 10 kwa kubadilisha mstari mmoja katika mipangilio ya odhcpd. Tatizo halikuisha kabisa, kwa maana dakika 10 ni sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40, na hatimaye niliihamishia ruta kwenye betri za sola. Hata hivyo, kwa shule isiyo na betri, tofauti kati ya dakika 10 na siku 7 ndiyo itakayoamua kama mwalimu mkuu atasema IPv6 izimwe.

Kuna kinga nyingine ambayo sikuitarajia. Ruta inapowaka mara ya kwanza hujitengenezea kiambishi cha ndani kinachoanza na fd, ambacho hakibadiliki hata mtoa huduma akibadilisha chake. Seva yetu ya masomo na printa za ofisi nimeziweka kwenye anwani hizo, na tangu siku hiyo zinapatikana hata intaneti ikiwa imekatika kutwa nzima.

Kuhusu usalama, nimewasikia mafundi wakisema kwamba bila NAT, yaani ruta kuzificha kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja, kila kompyuta inakuwa uwanjani. Katika OpenWrt sivyo, kwa kuwa ngome yake (firewall) huzuia miunganisho inayotoka nje kuingia ndani mpaka uiruhusu mwenyewe, na tangu toleo la 22.03 kazi hiyo hufanywa na nftables, kichujio cha pakiti cha Linux. Kinachopita ni ujumbe wa ICMPv6 unaohitajika, yaani taarifa ambazo vifaa vya mtandao hupeana kuhusu makosa na hali ya njia, nao usizuiwe. Sisi tuliozoea kuifunga ICMP yote kwenye IPv4 tutaumia hapa, kwa sababu ruta za IPv6 zilizo njiani hazikatikati pakiti kubwa. Humwarifu mtumaji apunguze ukubwa, na ujumbe huo ukizuiwa, baadhi ya tovuti hufunguka na nyingine hukwama bila sababu inayoonekana.

Kasoro zipo. Maelezo yametawanyika, na mengine ni ya matoleo ya zamani, kwa hiyo anayeanza anaweza kufuata ukurasa uliopitwa na wakati bila kujua. Vifurushi ulivyoongeza mwenyewe havibaki ukisasisha kwa njia ya kawaida, hivyo viandike mahali. Kuruhusu seva ya ndani ifikiwe kutoka nje wakati kiambishi kinabadilikabadilika kunahitaji kanuni ya ngome inayotazama biti 64 za mwisho za anwani peke yake. Uwezo huo upo na unafanya kazi vizuri, lakini hakuna kitufe kinachokuonyesha, na mimi niliugundua baada ya wiki tatu za kuhariri anwani kwa mkono.

Kabla ya kununua chochote, muulize mtoa huduma wako anatoa kiambishi cha ukubwa gani. Akisema /56 au /48, endelea. Akisema /64 moja tu, fahamu kwamba huwezi kuigawa kwa mitandao mitatu kama yetu, na OpenWrt itaupatia mtandao mmoja /64 hiyo huku mingine ikibaki na IPv4. Ipo njia ya kupokezana matangazo kati ya mitandao, nami niliijaribu kwa siku nne kwenye laini ya akiba, lakini simu zilikuwa zikipotea na kurudi kila baada ya saa chache, nikaiondoa na kuandika barua ya kuomba /56 kwenye laini hiyo pia.