Tahadhari kwa wenye Toyota IST, Vitz na ndugu zao: boksi ni orijino, mkanda wa injini uliomo umefufuliwa

Wakuu habari za jioni. Nimepigwa, na nimepigwa nikiwa najiona mjanja, ndiyo maana naandika.

Gari yangu ni IST yenye injini ya 1NZ. Mkanda wa injini ulikuwa umechakaa, asubuhi nikiwasha unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hii kazi huwa naifanya mwenyewe nyumbani, Kimara: unalegeza boliti za alteneta (ile inayochaji betri), unaisukuma ndani, mkanda unatoka, unaweka mpya, unavuta alteneta nje mpaka mkanda ukaze, unafunga. Mkanda wenyewe ni mmoja tu, unazungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Wengi tunauita fenibelti ingawa feni ya hizi gari inazungushwa na umeme, lakini jina limeshashika.

Nikaona tangazo Instagram, spea za Toyota, duka lipo Gerezani Kariakoo, wanaleta mpaka mlangoni. Nikamwandikia. Jamaa hakuwa na papara hata kidogo. Akaniomba namba ya chesesi, akakaa kama dakika kumi, akarudi na namba ya mkanda na picha ya boksi. Nikaenda kuhakikisha, namba ni yenyewe. Bei aliyotaja ni 38,000. Madukani nilikuwa nimeulizia nikaambiwa 45,000 hadi 50,000, kwa hiyo haikuwa bei ya kutupa ya kukushtua. Angesema 15,000 ningekimbia.

"Bosi wangu lipia, boda anatoka sasa hivi, ana mizigo mingine ya Mbezi."

Wakati wa kulipa, jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke, wakati mimi naongea na mwanaume. Nikamuuliza, akasema ni wifi yake anayeshika hesabu. Nikabonyeza namba ya siri. Hapo nilikuwa wa kulaumiwa mwenyewe.

Boksi likaja. Safi, lebo ipo, kila kitu kipo. Jumamosi nikafungua boneti. Nilitoa ule wa zamani nikautundika kwenye msumari wa ukutani pamoja na mpya, tabia niliyofundishwa na mjomba wangu. Mpya ukaning'inia chini zaidi kwa upana wa kidole. Nikajiambia labda nimeutundika vibaya. Jamani, mkanda uliotumika miaka ndio unaoweza kuongezeka urefu, mpya hauwezi kuuzidi! Na kidole kimoja ukiwa umetundikwa maana yake mzunguko mzima umezidi kama sentimita tatu. Dalili ya pili ikaja wakati wa kukaza: alteneta ilivutika nje mpaka karibu mwisho wa mfereji wa boliti ndipo mkanda ukashika. Mkanda wa saizi yake haukufikishi huko siku ya kwanza. Ya tatu ni harufu. Nilijua naisikia mahali, ila sikukumbuka wapi.

Siku nne. Asubuhi ya Jumatano napandisha pale Ubungo, flaiova ya Kijazi, kelele ikaanza, AC ikatoa hewa ya moto, taa ya betri ikawaka. Waliokutana na hili wanajua: taa ya betri ikiwaka kwenye gari ya mkanda mmoja, tatizo huenda si betri peke yake, na pampu ya maji nayo inaweza kuwa imesimama. Ukisema ufike kazini kwanza, injini inachemka, unafika na silinda hedi ya kubadilisha. Nikazima hapohapo. Vijana watatu wakanisukuma pembeni, wakataka elfu tano, nikawapa. Mkanda ulikuwa umetoka kwenye puli umejikunja pembeni, mistari miwili ya upande wa ndani imechanika.

Kilichoniokoa ni kwamba ule wa zamani nilikuwa nimeutupia kwenye buti pamoja na spana. Nikasubiri injini ipoe nikaurudisha. Ulilia njia nzima, lakini ulinifikisha.

Usiku nikaukalia ule "mpya" mezani na taa ya simu. Kwanza maandishi meupe ya mgongoni: nimesugua kwa kidole gumba chenye tone la petroli, yakaondoka yote kama chaki. Nikauinamisha mkanda kwenye mwanga, chini yake kuna namba nyingine, imefifia, ya mkanda mwingine kabisa. Mistari ya ndani nayo: mkanda mpya mifereji yake inaishia kwa ncha kama herufi V, huu ilikuwa imelika mpaka ina tumbo kama U. Ile harufu ndipo nikaikumbuka. Ni dawa ya kung'arishia matairi, ile ya wanaoosha magari. Wamechukua mkanda uliotolewa kwenye gari nyingine, wakaufua, wakaupaka dawa ung'ae, wakapiga chapa mpya, wakautia kwenye boksi halali. Na dawa ile ina utelezi, sasa mkanda ulioshiba utelezi utashikaje puli?

Nikampigia. Simu ya kwanza akapokea, akasema "kaka umeufunga vibaya, spea ya umeme na mikanda hairudishwi". Ya pili hakupokea. Ya tatu nimeshafungiwa. Nikaenda Gerezani kwa ile anuani aliyoandika, jengo lipo, ila chini wanauza magodoro, na mwenye magodoro akaniambia mimi si wa kwanza kuja. Jina la ukurasa sitaji kwa sababu tangu wiki iliyopita limeshabadilika, litabadilika tena. Angalieni mtindo: anaomba chesesi ili umwamini, boda ana haraka, jina la malipo si lake, na risiti ni ya kuandika kwa mkono, hakuna ya EFD, ile mashine ya kodi. Huyu boda msimgombeze, naye anabebeshwa tu.

Namna ya kusoma namba, kwa wasiojua. Ukiona 6PK1230, hiyo 6 ni idadi ya mistari, 1230 ni urefu kwa milimita. Futi ya fundi cherehani inatosha kabisa kupima, ukipimia kwa nje utapata zaidi kidogo, si sentimita tatu. Fungua boksi kabla pesa haijatoka. Muuzaji akikataa usifungue, mwachie mzigo wake.

Na kwa kuwa tumefika hapo: 1NZ haina taimingi belti (mkanda mwingine wa kuendesha valvu za injini), ina cheni. Fundi akikuambia "tubadilishe na ya taimingi kabisa" kwenye gari hii, funga boneti uondoke.

Swali lililonisumbua ni boksi. Wanalitoa wapi? Jibu nimelipata gereji moja Ilala nilipokwenda kukaguliwa pampu. Nimekaa kwenye benchi, akaja kijana na kiroba, akawa anapita kwa mafundi anaokota maboksi matupu ya spea. Yasiyochanika tu. Fundi wangu akampa mawili, akapewa buku mbili. Nilipomuuliza akacheka, akasema wanayapenda hasa yale yenye lebo nzima.

Mkanda bandia na boksi lake nimevitunza, wiki hii navipeleka FCC, Tume ya Ushindani, kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao, na picha za meseji ninazo zote. Mkanda mwingine nimenunua dukani, 48,000 na risiti ya EFD, nikaupima juu ya kaunta muuzaji akiniangalia kama kichaa. Nimeufunga jana. Alteneta imekaa katikati ya mfereji wake, kimya kabisa. Boksi lake nimelichana vipande vinne, lebo nikaikata kwa mkasi, nikatumia kuwashia jiko la mkaa.