Samaki kwa tangi dogo la maji chumvi: nani anunuliwe, nani aachwe dukani

Tathmini hii imelengwa kwa tangi la sentimita 60 kwa 36 kwa 36, lenye matumbawe laini na magumu machache. Kwa hesabu ni lita 78. Ukishatia mwamba na mchanga, maji hubaki lita 60 hivi. Humo aina nne za samaki wadogo zinatosha, moja ikiwa jozi. Ukitaka rangi na pilikapilika za kutwa, usinunue wote wanaopenda sehemu moja. Tafuta wa kuelea juu, wa pangoni, wa kuzunguka mwamba na wa mchangani. Wawili wakigombea pango moja, mnyonge hujibanza nyuma ya pampu, huacha kula na hufa kabla mwezi haujaisha.

Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa na mistari mitatu mipana myeupe ambaye wauzaji wengi humwita Nemo, ndiye chaguo la kwanza. Chukua waliozalishwa matangini: wamezoea chakula cha punje na huja na vimelea vichache kuliko waliovuliwa. Nunua wawili wadogo, mmoja akiwa amemzidi mwenzake kidogo. Samaki hawa huanza wakiwa madume. Mkubwa hugeuka jike na mdogo hubaki dume. Ukileta wawili waliokwisha kukomaa, huenda wote ni majike, na watapigana hadi mmoja afe. Anemone, kiumbe wa baharini mwenye minyiri kama ua, si lazima, na katika tangi lenye miezi michache tu ni hatari: hutangatanga, hunaswa na pampu, kisha huchafua maji yote. Kasoro yao ni kwamba hushika kona moja na kucheza palepale. Jamaa yao wa pwani ya Afrika Mashariki, Amphiprion allardi, anapendeza sana, lakini hufika sentimita 14 na ni mkali. Lita 60 si zake.

Kwa pango, tunampa nafasi Gramma loreto wa bahari ya Karibi: zambarau mbele, manjano nyuma, sentimita 8. Huogelea tumbo likitazama dari ya pango, na hapo hana ubaya wowote. Angalia tu usiuziwe Pictichromis paccagnella kwa jina lake. Wanafanana mno, ila huyu wa pili ni mkorofi asiyevumilia jirani. Gramma wa kweli ana doa jeusi kwenye pezi la mgongo na mstari mweusi unaopita jichoni, na zambarau yake huyeyukia kwenye manjano polepole. Kwa Pictichromis rangi hizo hukatana ghafla, kama zimechorwa kwa rula. Asipopatikana Gramma, Pseudochromis fridmani wa Bahari ya Shamu, zambarau mwili mzima, ni mbadala mzuri, hasa akiwa amezalishwa tangini.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwa wa kuzunguka mwamba. Wauzaji humsifu Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, kwa rangi za buluu na chungwa, na sifa zenyewe ni za kweli: hatulii, hupekua kila ufa na hula minyoo bapa. Lakini katika tangi dogo, baada ya miezi michache hujiona mwenye nyumba, na kila mgeni atakayeingia atararuliwa mapezi. Ukimtaka, awe wa mwisho kabisa kuingia, na usimchanganye na samaki mwoga. Sisi tunampendelea Pseudocheilinops ataenia: mwekundu wa kupauka mwenye mistari ya manjano, sentimita 6 tu, mwenye udadisi uleule bila ugomvi. Bei yake ni kubwa zaidi, na wiki ya kwanza atajificha. Mwache.

Nemateleotris magnifica, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye pezi refu kama bendera, anaweza kushika nafasi ya huyo. Huelea kwenye mkondo akidaka chakula. Mchukue mmoja tu, maana wawili wasio jozi huuana. Na huyu ni mrukaji: akishtuka usiku taa zinapowashwa, utamkuta sakafuni. Kifuniko cha wavu wa matundu ya milimita 6 ni cha lazima, pamoja na kuziba upenyo wa nyaya za hita na pampu.

Mchangani hana mpinzani Cryptocentrus cinctus wa manjano, akiishi na kamba wa jamii ya Alpheus. Kamba haoni vizuri. Huchimba shimo huku kipapasio chake kikimgusa samaki, na samaki akitikisa mkia wote huzama ndani. Wape mchanga wa sentimita 5 uliochanganyika na vipande vya matumbawe mafu. Mwamba ukae juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga. Ukikalia mchanga, kamba atauchimbua na utaporomoka juu yao.

Wa kuachwa ni hawa. Paracanthurus hepatus wa buluu hupita sentimita 25, hata akiuzwa akiwa na ukubwa wa kidole. Synchiropus splendidus ana rangi kuliko wote, lakini hula kopepodi hai, vijidudu vidogo vya majini, kutwa. Tangi dogo huishiwa nao na yeye hukonda hadi kufa. Chromis viridis huuzwa sita kwa pamoja, kisha hupunguzana mmoja mmoja.

Dukani, omba alishwe mbele yako. Asiyekula usimchukue. Mtazame kwa juu: mgongo uliokonda kama kisu ni dalili ya njaa ya muda mrefu. Anayehema haraka au kujisugua mwambani huenda ana vimelea.

Karantini, tangi la kumtenga samaki mgeni, ni lita 40, wiki nne, vipande vya bomba la plastiki kama maficho. Dawa ya shaba itumike humo tu, kwani huua kamba na matumbawe. Uliza uzito mahususi wa maji ya duka, yaani kipimo cha chumvi yake. Wengi hushusha hadi 1.019 ili kubana vimelea na gharama ya chumvi. Andaa karantini kwa kiwango hicho, kisha pandisha kwa 0.002 kwa siku hadi 1.025.

Samaki aliyesafiri saa nyingi asitiliwe maji ya tone kwa tone. Kabonidioksidi iliyojaa mfukoni hushusha pH (kipimo cha uasidi wa maji) na kuifanya amonia isiwe kali. Mfuko ukifunguliwa gesi hutoka, pH hupanda na amonia hiyohiyo huwa sumu. Sawazisha joto kwa dakika 20, fungua, mhamishe mara moja, na maji ya mfuko yamwage.

Mpangilio wa kuingia: wa mchangani kwanza, kisha wa mwambani, kisha Gramma, na jozi ya ocellaris mwisho, kwa kupishana wiki mbili. Wakishakuwa watano kwa jozi hiyo, tumefika ukingoni: badilisha lita 6 za maji kila wiki, na lisha kidogo mara mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili.