Mrejesho: huduma ya kuondoa wanyama nyumbani bila kuwaua, kama unafikiria kuwaita soma hii kwanza

Wadau, nimeona nitoe mrejesho wa hii huduma maana kila mtu akiuliza habari ya popo darini au nyoka uani majibu ni yaleyale, weka sumu, choma moshi, ita vijana waje na fimbo. Kifupi mi nimeridhika na ningewaita tena hata leo. Ila kama unachotaka ni mtu aje na gunia, amkamate mnyama aondoke naye na wewe urudi kulala, utaishia kukasirika, kwasababu hicho ndo kitu wasichofanya kabisa. Wanachofanya ni kutafuta mnyama amefuata nini kwako, wanakiondoa hicho kitu, wanamwachia njia atoke mwenyewe, afu wanaziba. Jina lao siweki, huduma za aina hii zipo sehemu nyingi, na ninachotaka ujue ni namna ya kutofautisha wanaoijua kazi na wale wauaji waliobadilisha tu maneno kwenye tangazo.

Kwangu tatizo lilikuwa popo. Purukushani kila jioni juu ya dari, harufu kali hasa siku za joto, na doa la kahawia limeshuka ukutani chini ya paa kama mtu kamwaga chai. Nilipopiga simu nikategemea wataniuliza naishi wapi na ninalipaje, badala yake mama aliyepokea simu akaanza kunihoji kama daktari. Unawasikia saa ngapi? Kinyesi kimejikusanya sehemu moja au kimetapakaa? Afu akaniambia chukua kijiti, kiminye kimoja, kinasagika au kigumu? Kilisagika kikawa unga, ndani yake kuna vipande vidogo vinang'aa, akasema hivyo ni mabawa na magamba ya wadudu, kwahiyo ni popo na sio panya, cha panya huwa kigumu hakisagiki hivyo. Hapohapo akanikataza kufagia kikavu. Kumbe vumbi la kinyesi cha popo kikirundikana linaweza kubeba ukungu unaoleta ugonjwa wa mapafu uitwao histoplasmosisi, kwahiyo unalowanisha kwanza kwa maji, unavaa barakoa na glavu, ndo unazoa. Hiyo ilikuwa ni simu tu, sijalipa chochote, na tayari nilishajua zaidi ya nilichoambiwa na watu wote niliowauliza kabla.

Swali lingine aliloniuliza ambalo naomba kila mtu alikariri, je kuna mtu yeyote amemgusa popo kwa mkono, au kuna mtu ameamka akamkuta popo chumbani alikolala, hasa mtoto? Popo anaweza kubeba kichaa cha mbwa, na meno yake ni madogo mno, alama yake unaweza usiione kabisa. Ukijibu ndio, kazi ya popo inasimama, kwanza ni kuosha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu hospitali siku hiyohiyo, kwasababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Akaniambia pia nisianze kuogopa kila popo, duniani kote mpaka asilimia 99 ya watu wanaopata huo ugonjwa wameambukizwa na mbwa, ila ukigusana na popo huchezi kamari. Nilipenda hiyo, hakunitisha ili nilipe haraka wala hakunificha ukweli.

Siku ya kuja walikuja wawili, yule mama na kijana wake wa kazi. Nilikuwa nimeshaandaa ngazi, hawakuigusa. Wakaomba viti wakakaa nje wakasubiri jua lizame, kila mmoja kona yake ya nyumba, wanaangalia ukingo wa paa dhidi ya mwanga wa anga. Giza lilipoanza kuingia akaninong'oneza, mdogo wangu, angalia pale bati linapokutana na ukuta. Mwanzo sikuona kitu, afu kikadondoka kitu cheusi kama jani, kikafungua mabawa kikapotea, akaja mwingine, na mwingine, mmoja mmoja kama wamepanga foleni, wote kutoka upenyo ambao kidole changu kidogo hakiingii. Kijana anahesabu kwa kubonyeza kimashine mkononi. Mi nimeishi kwenye hiyo nyumba sijawahi kujua wanapita pale, nilikuwa na uhakika wanatumia tundu kubwa la upande wa pili, na fundi yeyote wa kawaida angeziba hilo kubwa akachukua hela akaenda.

Sasa hapa ndo tulipokwaruzana. Nilitaka wazibe usiku uleule wakati popo wako nje, inaonekana ni akili ya kawaida si ndiyo? Akakataa katakata. "Mdogo wangu, huu ni msimu wa kuzaa. Ukiziba leo mama zao wako nje, watoto wako ndani." Akanieleza kwamba popo wa aina nyingi anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, anazaliwa hana manyoya na hawezi kuruka kwa wiki kadhaa, mama anamwacha darini usiku anaenda kuwinda wadudu anarudi kumnyonyesha. Ukiziba, vitoto vinakufa kwa njaa vinaoza juu ya kichwa chako, na mama zao wanahangaika kila upenyo mpaka wanaingia vyumbani. Kwahiyo tusubiri vitoto viruke. Niliwaza hawa watu wananizungusha, niseme ukweli, maana hakuna mtu anayependa kuambiwa vumilia harufu wiki nyingine kadhaa. Lakini alinipa tarehe ya kurudi kwa maandishi na kazi za kufanya nikisubiri, nami nikakubali, na nikifikiria sasa hivi hiyo siku aliyonikatalia ndo siku aliyonithibitishia kwamba ni mtaalamu. Anayekubali kuziba msimu wowote, siku yoyote ukimpigia, mkimbie.

Waliporudi kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuitazama na ngumu kuifikiria. Kwanza wakaziba nyufa zote ambazo popo hawazitumii, zote, hata zile nilizoona ni upuuzi, kwasababu popo akikosa mlango wake anatafuta mwingine. Kwenye ule upenyo wenyewe wakaning'iniza wavu laini, umebanwa juu na pembeni, chini umeachwa wazi. Popo akitoka anatambaa chini ya wavu anateleza mpaka mwisho anaruka. Akirudi anatua palepale alipozoea, juu ya wavu, anatafuta mlango hauoni, na hana akili ya kushuka chini akaingilie kule alikotokea. Wavu ukakaa karibu wiki hivi, wote wakawa wametoka, hakuna aliyekufa, hakuna aliyeshikwa. Usiku wa pili nilisimama pale nikamwona mmoja akipapasa wavu kwa muda kisha akaondoka zake, na kwa kweli nilimwonea huruma, lakini wapo mapangoni na kwenye miti yenye mashimo, wanaendelea kula wadudu, wako hai.

Kasoro zipo. Kubwa ni mawasiliano baada ya kulipa. Siku ya kuja kutoa wavu na kuziba upenyo wa mwisho hawakutokea, nikipiga napewa namba ya mtu mwingine, huyo naye ananirudisha kwa wa kwanza, na katikati upepo ukafungua kona moja ya wavu. Nilipotuma picha ndo wakaja mbio. Kwa kazi inayotegemea muda namna hii huo ni uzembe na niliwaambia, kwasababu kona ikikaa wazi usiku mmoja tu kazi yote inarudi mwanzo. Pili hawasafishi dari, unatafuta watu wengine, na hilo walitakiwa waliseme siku ya kwanza na sio ya mwisho. Ripoti yao ya maandishi nayo ni ndefu na imejaa maneno ya kitaalamu, mama akiongea anaeleweka vizuri kuliko karatasi lake.

Kilichonifanya niandike urefu wote huu lakini sio popo. Ni tumbili wa mtaani. Waliposikia malalamiko ya majirani, tumbili wanaingia jikoni, wanapasua mifuko, wamemkwaruza mtoto, mmoja keshanunua sumu, yule mama akaomba tuwaite watu wote tukae. Na pale ndo nikaelewa kazi yao halisi, maana mgogoro wa wanyama ukiuchimba unakuta nusu yake ni wa binadamu kwa binadamu. Kulikuwa na mzee mmoja anawalisha kila asubuhi, watu walishamnunia mpaka salamu hakuna. Mama hakumsema. Akamwamkia, akakaa pembeni yake, akamwambia baba naona unawapenda hawa, mi pia, ndo maana nakuomba, tumbili akizoea kupewa kwa mkono anaacha kuogopa watu, siku mkono hauna kitu anaung'ata, na akishang'ata mtu wataletewa bunduki. Mzee akanyamaza, akasema sikuambiwa hivyo kamwe, mnaniambia tu acha. Aliacha. Mapipa ya taka yakafungwa kwa vifuniko vyenye kufuli, matawi yanayogusa mapaa yakakatwa, madirisha ya jiko yakawekwa waya. Tumbili bado wanapita, ila wanapita tu. Yule mwenye sumu aliirudisha alikoinunua.

Watu wananiuliza kwanini wasingewakamata wote wakawapeleke porini mbali. Nililiuliza hilo pia. Mnyama ukimtupa sehemu asiyoijua hajui pa kula wala pa kujificha, anaingia kwenye eneo la wenzake wanampiga, wengi wanakufa na wengine wanafunga safari kurudi. Na kwako pale palipobaki wazi anaingia mwingine, kwasababu jalala liko palepale. Unaona picha ya mtego na tabasamu unadhani ni huruma, kumbe umehamishia tu kifo chake mahali pengine.

Kuhusu vile vimashine vya kuchomeka ukutani vinavyodai vinatoa sauti ambayo mnyama anaisikia na binadamu haisikii, tafadhali hifadhi hela yako. Marekani tume yao ya biashara, Federal Trade Commission, mwaka 2001 iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa hivyo vitu kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Gundi ya panya nayo iacheni jamani, inanasa mjusi, ndege, kila kitu, na kinakufa polepole siku nzima, England wametunga sheria mwaka 2022 na tangu Julai 2024 mtu wa kawaida haruhusiwi kuitumia kabisa. Sumu ya panya inapanda mpaka kwa bundi na paka wanaomla yule panya, afu unabaki na panya wengi zaidi na bundi hakuna.

Wanasaidia wafugaji na wakulima pia, sijawatumia huko kwahiyo siwezi kutoa alama, ila mbinu alizonisimulia zinafuata akili ileile ya kumjua mnyama kwanza. Botswana, kule Okavango, watafiti walichora macho kwenye makalio ya ng'ombe, kwasababu simba na chui wanavizia na wakihisi wameonekana wanaahirisha. Matokeo yalitoka mwaka 2020, katika ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuuawa hata mmoja, katika 835 wasiochorwa kitu waliuawa 15. Rangi na brashi tu! Kenya karibu na Tsavo, Dk. Lucy King alijaribu uzio wa mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, mizinga imeunganishwa kwa waya, tembo akiugusa mizinga inayumba nyuki wanatoka, na tembo hataki kabisa kuchomwa machoni na ndani ya mkonga. Mkulima anabaki na mazao, anabaki na asali, na tembo anabaki na uhai wake. Mi nikisikia vitu kama hivi nafurahi kwelikweli.

Kwa nyoka wana simu ya dharura na inapokelewa usiku, niliijaribu kwa niaba ya jirani. Wanakwambia simama mbali, usimpoteze machoni, toa watoto na mbwa, usimpige wala usimzibie njia, mpaka wafike. Walifika haraka kuliko walivyofika kwenye wavu wangu. Baada ya kumtoa walitumia muda mrefu zaidi kuzunguka uwanja kuonyesha rundo la matofali, uwazi chini ya mlango na mashimo ya panya, kwasababu nyoka alifuata panya.

Alama zangu: utaalamu tano kwa tano, uungwana na watu tano, kufuata ratiba mbili. Ukiwapigia, uwe na picha ya kinyesi au nyayo, saa unazomsikia au kumwona mnyama, picha ya nje ya nyumba pande zote, na uwaulize mambo matatu kabla hujalipa: msimu huu kuna watoto, nani atarudi kufunga kazi na tarehe gani, na kusafisha ni juu ya nani. Hayo majibu yaandikwe.