ChatGPT ya bure mezani pa mwalimu wa Kiswahili

Iagize ChatGPT, programu ya akili bandia, "nipe ufahamu wa kidato cha tatu" nayo itakuletea kifungu kuhusu utunzaji wa mazingira, maswali matano yaliyopauka na majibu ya sentensi moja moja. Karatasi ya kufungia maandazi. Lakini imejuaje kwamba ufahamu wa karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, una alama 15, ikiwa hakuna aliyeiambia?

Agizo linalozaa matunda hufanana na hili: "Wewe ni mtahini wa KCSE. Andika kifungu cha aya tano kuhusu wachuuzi wa soko la Gikomba msimu wa mvua. Nikikikubali, tunga maswali ya jumla ya alama 15, msamiati uwe na alama 3. Kila jibu lionyeshe alama zake na aya lilikotoka. Usitunge swali kabla sijakubali kifungu."

Usiiache hiyo sentensi ya mwisho. Kosa la kifungu huingia kwenye maswali, kisha kwenye mwongozo wa kusahihisha, na kufikia hapo kurekebisha ni kuanza upya.

Inakoteleza hasa ni kwenye ngeli. Usipoibana, inaweza kukupangia nomino kwa nambari za wanaisimu, ngeli ya 1 na 2, ya 7 na 8, ilhali mwanafunzi wako anajua A-WA na KI-VI. Bandika orodha nzima ya ngeli juu ya agizo, kisha uipime kwa nomino za mtego. Kipofu na kifaranga zina umbo la KI-VI, upatanisho ni wa A-WA. Maziwa ya kunywa ni YA-YA. Maziwa ya Naivasha na Nakuru ni LI-YA. Ikiteleza hapo, lipitie zoezi zima mstari kwa mstari. Methali usiyowahi kuisikia itafute kwenye kamusi kwanza, maana programu hizi hubuni methali zenye sura nzuri ajabu.

Ufupisho nao una shida yake. Programu za aina hii hukata maneno vipande vipande. "Hawakutuandikia" si kitu kimoja kwao. Kwa hivyo ukiomba ufupisho wa maneno 50 usishangae kupata 63. Hesabu mwenyewe.

Kusahihisha insha? Alama usiiachie, ina mkono mwepesi mno wa kuzigawa. Iambie: "Orodhesha makosa ya hijai, sarufi na mtindo, ukinukuu sentensi yenyewe. Usitoe alama." Hapo inaokoa muda kwelikweli.

Mwanafunzi anayedurusu aiandikie hivi: "Niulize swali moja la isimujamii, ngoja nijibu, usinipe jibu kabla ya jaribio la pili." Ila usiitegemee kwa mifano: mazungumzo ya makanga wa matatu inayotunga yanachekesha tu, Sheng yake, lugha ya vijana wa mitaani, imevaa tai.

Toleo la bure lina ukomo wa matumizi, lakini kwa mwalimu mmoja linatosha. La kulipia, Plus, ni dola 20 kwa mwezi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda watoto pia, kwa hivyo ziba jina na nambari ya mwanafunzi kabla ya kupiga picha ya insha. Na ukituma picha ya mwandiko, iambie programu inakili kwanza neno kwa neno, makosa yakiwemo, kisha ulinganishe na daftari. Bila hivyo inaweza kusoma "alienda" mahali mtoto alipoandika "aliyenda", na kosa hilo hutaliona kwenye orodha.