Mzunguko wa Arabuko-Sokoke kwa miguu: niliuziwa misitu mitatu nikapewa miwili

Niseme mapema nisije nikaonekana nimekuja kulalamika tu, haya matembezi nayapa nyota nne kati ya tano na ile moja niliyokata haihusiani na msitu kabisa. Msitu hauna kosa. Kosa ni la jamaa aliyeniuzia ziara kwa simu, simtaji, akanihakikishia kwamba ni mzunguko mmoja wa asubuhi, kwa miguu, unapita misitu yote mitatu ya Arabuko-Sokoke na kabla jua halijawa kali mko getini mnakunywa madafu. Shikilieni hapo kwa hayo madafu, tutayarudia.

Kwa ambao hawajawahi kufika, huu ndio ule msitu unaouona mkono wa kushoto ukitoka Mombasa kwenda Malindi, unaanza ukidhani utaisha sasa hivi na hauishi, ni kama kilomita za mraba 420 na ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu wa pwani wa aina yake kilichobaki Afrika Mashariki. Watu wengi wa pwani (mimi nikiwemo, miaka na miaka) tunaupita na matatu tukiwa tumelala. Na kitu ambacho sikujua ni kwamba ndani yake si msitu mmoja. Imepangana kama mikeka, upande wa bahari kuna msitu mchanganyiko, ukiingia ndani kuna msitu wa miti ya mrihi, halafu mbali huko magharibi kuna wa miti ya mfunda. Hiyo ndiyo "misitu mitatu" niliyouziwa.

Tulikuwa watatu, mimi, dadangu mkubwa na mwanawe wa miaka kumi. Tulilala Gede jirani na magofu, asubuhi tukachukua tuktuk kurudi nyuma kidogo hadi ofisi ya msitu, pale pale kando ya lami, huwezi kupotea. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tushalipa kwa simu na tushapewa mzee wa kutuongoza, Mgiriama wa kijiji cha ukingoni mwa msitu, fimbo mkononi na darubini iliyofungwa fungwa na selotepu nyeusi. Swali lake la kwanza, "Mmekuja kutembea au mmekuja kuona?" Dadangu akasema vyote. Mzee akasema basi tutaenda polepole, na kweli tulienda polepole mpaka yule mtoto akaanza kuhesabu hatua zake.

Msitu mchanganyiko una giza jamani. Nje jua lishatoka, ndani bado alfajiri, mimea inayotambaa imejisokota juu ya miti na unyevu unakugusa shingoni. Kuna mibambakofi humo, mti ule ule wa milango ya nakshi ya Lamu na Mombasa mjini, na chini yake mbegu zimeanguka, nyeusi ti kama zimepakwa polishi ya viatu halafu kichwani zina kofia nyekundu ya kung'aa. Mtoto akatia tatu mfukoni. Mzee hakugombana naye, alisimama tu akanyoosha kiganja, akangoja, mbegu zikarudi moja moja, akaziweka chini pale pale zilipotoka. Ile ya tatu ilichelewa kidogo.

Halafu sange. Sikiliza, kama unaenda huko kwa sababu moja tu basi iwe hii. Ni mnyama wa ukubwa wa kijisungura, pua ndefu kama mkonga mdogo, na sehemu ya nyuma ana manjano ya dhahabu utafikiri amekalia rangi mbichi. Wengi wa walioko duniani wako humu humu, huyu si wa kumuona sehemu nyingine nyingine. Mzee alituinulia mkono tukasimama, tukasikia majani makavu kwacha kwacha kwacha, na kabla ya kumuona yeye tukamuona ndege mdogo wa tumbo la rangi ya chungwa amekaa chini chini. Mzee akanong'ona kwamba huyo ndege humfuata sange ili ale wadudu wanaofurushwa, kwa hiyo ukimuona ndege, ngoja. Tukangoja. Akatokea, akafukua majani, akatuona, akaondoka kwa miruko kama mpira uliopigwa chini, lile doa la manjano likawaka mara ya mwisho, basi. Sekunde sita labda. Picha niliyopiga ni ya majani.

Mzee akatuambia usiangalie juu, angalia chini, mchanga ndio utakuambia uko wapi, na nadhani hicho ndicho kitu bora nilichojifunza siku ile manake mimi miti siijui. Mle kwenye mchanganyiko mchanga ni wa kijivu, majani yameufunika. Ukitembea ukaanza kuona umekuwa mweupe, mweupe kabisa kama wa Watamu ufukweni, inua uso sasa, umeshaingia kwenye mrihi. Na hakuna lango wala kibao, ni kama mtu amefungua dirisha, miti imeachana, mbingu inaonekana, nyasi chini, upepo unapita. Ndege wanakuja kwa kundi, wa aina mbalimbali pamoja, wanapita juu yenu kelele tupu dakika mbili halafu kimya. Mzee alikuwa akitaja majina haraka mimi nikashindwa kufuata, nilishika la kwera mmoja mweusi na manjano ambaye hayupo popote ila hapa na msitu wa Dakatcha huko juu ya Malindi. Tuliona pia kinyesi cha ndovu, kikavu, mzee akakipiga teke kidogo akasema cha juzi.

Kuna visiki pia, sitaki kuwaficha. Muhuhu, mti wa kuchongea vinyago, na mzee alipita bila kusema chochote mpaka nilipouliza. Akasema zamani ilikuwa mbaya zaidi, sasa kuna vijana wanafuga vipepeo wanauza nje, wanapata chochote bila shoka. Huo ni mradi wa Kipepeo wa pale Gede kwenye magofu, ulianza 1993, wanapeleka mabuu yaliyojifunga hadi Ulaya na Marekani, ukipata saa moja ingia uone.

Sasa. Kwenye mrihi njia ikapinda kushoto, na mchanga ukaanza kurudi kijivu. Nikauliza, mzee, na mfunda je? Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Mwanangu, mfunda uko huko machweo kwenye udongo mwekundu. Kwa miguu utafika, lakini kurudi utarudi kesho." Nikampigia aliyeniuzia hapo hapo msituni, mtandao ulikuwa na kijiti kimoja, na jibu lake nanukuu, "Dada, msitu si ni msitu tu." Pesa hakurudisha hadi leo. Saa nne na nusu tulikuwa getini na simu yangu ilisema tumetembea kilomita saba na ushee. Madafu hayakuwepo, kulikuwa na kibanda cha soda za moto.

Mimi nina shingo ngumu. Shemeji yetu wa Malindi ana pikapu ya kuinuka, nikamlilia, saa tisa akaja, mzee akakubali kurudi nasi kwa malipo mengine (halali yake). Kwa gari ni njia za mchanga, kuna mahali tulishuka tukasukuma, na ghafla tairi zikawa nyekundu, nikajua mwenyewe kabla ya kuambiwa. Mfunda si mzuri wa kuangalia, nisiwadanganye. Ni kichaka kifupi kilichoshikana, kavu, joto limekaa ndani yake kama limefungiwa. Hakuna njia ya kutembea pale, unasimama na kuchungulia.

Lakini mzee akaingia humo peke yake, akapotea robo saa nzima shemeji akaanza kuangalia saa, akarudi akatuita kwa kidole, mmoja mmoja, tukiinama. Kwenye tawi la urefu wa kifua changu walikuwa bundi wawili wamebanana, kila mmoja hapiti kiganja changu, rangi ya majani makavu. Ni bundi wa Sokoke, wanasayansi walimjua miaka ya 1960 tu, na nje ya hapa anajulikana Usambara Mashariki kule Tanzania basi. Mmoja akafungua jicho moja, njano, akatukagua, akafunga. Mimi nimelelewa na nyanya aliyekuwa akisikia bundi anafunga madirisha, na pale nilikuwa nimezuia pumzi ili asiondoke.

Tulimalizia Nyari, kwenye jabali la udongo mwekundu, msitu wote uko chini yako na mbali kule mstari wa bahari. Jua linazama nyuma yako si mbele, kwa hiyo wapiga picha mjipange.

Ushauri wa haraka: suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, siafu hawana mzaha, dadangu ana ushahidi. Maji yenu bebeni. Nendeni na mapambazuko. Na msinunue ziara kwa mtu wa simu, nendeni moja kwa moja ofisini pale msituni, mtembee mzunguko wa asubuhi kwa miguu, na kama mnataka mfunda semeni kabisa kwamba mnataka gari ya kuinuka ya jioni. Bila gari, mtaona miwili, na miwili inatosha kabisa siku ya kwanza.

Nyumbani usiku mtoto alivuliwa viatu mlangoni. Mchanga mweupe ulitoka kwanza, halafu mwekundu, halafu mbegu moja nyeusi yenye kofia.